Inaonekana Njo Yeye

Nadine alinikuta nachambua maharagwe nyuma ya nyumba, siku ya pili ya kilio cha bibi yake. Alikuwa na kalamu sikioni na karatasi ya mistari iliyokunjwa mara nne. "Tantine Masengo," alisema, "banasema ni weye njo utaandika karatasi ya kusoma ku makaburi." Kwetu Likasi maiti hashuki kaburini kabla mtu hajasimama na kusoma maisha yake: alizaliwa wapi, alibatizwa na nani, aliolewa na nani, alizaa watoto wangapi, wangapi walimtangulia, wangapi anawaacha. Ni ukurasa mmoja tu, lakini watu wanaousikiliza ni wakali kuliko mahakimu, na ukikosea jina la shangazi utakumbushwa miaka kumi. Nilifuta mikono, nikaandika vizuri mpaka mstari wa watoto. Bibi yake, Mama Régine, alizaa saba. Wawili surua iliwachukua wangali wachanga. Wanne wako hapa. Niliwahesabu kwenye mikeka, kisha nikawahesabu tena kwenye sahani za mchana. Mbili na nne ni sita. Nadine alikuwa anaitazama ncha ya kalamu. "Papa tutamutia wapi?" aliuliza. Ana miaka thelathini na kitu, na huyo papa hajamwona hata siku moja. Nikamwambia aniachie karatasi mpaka kesho. Sokoni sijawahi kumpa mteja siku ya kwenda kufikiri, maana anayekwenda kufikiri harudi. Safari hii mwenye kuomba siku nilikuwa mimi.

Habari yenyewe ni ya mwaka 1993. Wazazi wangu nawaacha nje. Wana habari yao, na ni ndefu. Inatosha kujua kwamba nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nauza chumvi na sabuni kwenye soko la mtaa wa Panda, na nakaa chumba cha nyuma kwa Mama Régine, mjane, katika nyumba ya kampuni ya migodi yenye matofali mekundu na milango iliyopakwa rangi ya kijani enzi zile kampuni ilipokuwa bado inapaka milango. Mwaka huo king'ora cha kiwanda, kilichokuwa kikituamsha na kuturudisha, kilinyamaza, na watu wakaanza kufika kila mahali mapema mno au wamechelewa mno, hata kanisani. Nyumba tatu za barabara yetu zilikuwa tupu tangu wenyewe walipofukuzwa wakapanda treni na magodoro yao, na tulipopita mbele yake tulijifunza kutazama upande mwingine. Tulikula mara moja kwa siku, saa tisa, ili njaa ya asubuhi na njaa ya usiku zigawane sahani moja: bukari ambao ni ugali, mboga ya lengalenga, na samaki wadogo wa ziwa la Tshangalele. Mama Régine aligawa samaki kwa vidole. Mimi nilihesabu kwa macho, na alijua. "Masengo," alikuwa akisema, "ya kwako iko tano, sawa ya bengine. Kula mbele hazijageuka ine."

Delphin alikuwa mtoto wake wa tatu, fundi wa umeme kiwandani, kazi ambayo aliendelea kuwa nayo bila kuifanya na bila kulipwa. Alikuwa na mke, Josée, msichana wa Kapolowe, mpole, mwenye mimba ya miezi miwili alipoondoka. Baada ya Pasaka aliamua kwenda Zambia kutafuta unga, yeye na rafiki yake Pitshou, juu ya lori lililopakia watu wengi kuliko mizigo. Alivaa koti la buluu la kampuni, mikono yake mifupi, viwiko vimeng'aa. Mama yake alishona mfuko ndani yake, akatia humo kikaratasi chenye jina lake yeye mama, barabara na mji. Nakumbuka walivyosimama mlangoni, mama na sindano mdomoni bado. "Ukipotea, bakurudishe," alisema. "Mama, minye si barua," Delphin akajibu, na Josée akacheka akijificha mdomo kwa mkono. Pitshou alirudi baada ya mwezi na gunia nusu. Delphin hakurudi naye. Alikuwa amesogea mbele zaidi, Pitshou alisema, kule ambako bei ilisemekana ni nzuri.

Na mimi pia nilikuwa na Zambia yangu kichwani. Nilitaka kuvuka kununua sabuni kule inakotoka, na nilikuwa nimesikia jinsi wenzetu wasiojua Kiingereza walivyonyolewa mpakani bila wembe. Kwa hiyo kila Jumanne na Ijumaa, saa kumi alasiri, nilikwenda kwa Papa Chisenga, mtunza ghala wa zamani aliyezaliwa upande wa Zambia na kusomea huko. Alifundishia sebuleni mwake. Kulikuwa na viti sita na wanafunzi saba, kalenda ya mwaka uliokwisha, na kabati la vioo ambamo vikombe vilipangwa kana kwamba mgeni mkubwa angefika dakika yoyote. Kamusi yake ilikuwa imepoteza jalada na kurasa za mwanzo. Ilianzia herufi C, kwa hiyo maneno yote ya A na B tulimwamini tu. Mimi nilitaka Kiingereza cha bei: ni ghali, punguza, mwisho ngapi. Yeye alitaka kutufundisha adabu ya lugha. Tulikuwa tunavutana, na kama kawaida aliyekuwa na viti ndiye aliyeshinda.

Kabla sijaifikia barua lazima niseme jinsi kifo kinavyotangazwa kwetu, maana bila hilo kosa langu litaonekana la mjinga, nami mjinga sikuwa. Kwetu mtu hafi ghafla masikioni mwa mama yake. Anaugua kwanza, hata kama ameshazikwa. Mwaka ule ule jirani yetu alifia hospitali alfajiri, na saa mbili wazee watatu wakaja kwa mkewe, wakakaa, wakaomba maji ya kunywa, wakasema hali ya mgonjwa imekuwa nzito kidogo. Mke hakuuliza nzito namna gani. Aliingia ndani, akajifunga kitenge kiunoni, akatoka analia. Hakuna aliyesema amekufa, na hakuna aliyehitaji kusema. Mwenye kulisema wazi neno lile angehesabiwa ni mtu aliyelelewa na mbuzi. Maneno kama "kidogo", "labda" na "inaonekana" katika kinywa cha mleta habari ni mto unaowekwa chini ya kichwa cha anayekaribia kuanguka. Kadiri neno lilivyo laini, ndivyo unavyojua kwamba jambo limekwisha.

Barua ilifika Jumatatu moja ya kiangazi mikononi mwa dereva wa lori. Habari ya bahasha yenye stempu ya nje ilimtangulia barabarani, na nilipoitwa kutoka sokoni nilikuta sebule imejaa. Mama Régine alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha. Josée alisimama nyuma yake, mkono juu ya tumbo. Mujomba Kaumba, mdogo wake Mama Régine, aliishika barua kichwa chini. "Iko mu Kingereza," alisema, kana kwamba barua imefanya makusudi. Nilikaa na kuisoma kimya mara mbili. Ilikuwa ya maneno hamsini na nane; niliyahesabu, na mara zote mbili yalikuwa hamsini na nane. Iliandikwa na sista wa hospitali ya misioni upande wa pili. Alisema kijana mmoja aliletwa kutoka barabarani baada ya lori kupinduka. Hakuzungumza. Alikufa siku hiyo hiyo na parokia ikamzika. Katika mfuko wa koti lake la buluu walikuta anwani hii. Kisha sentensi fupi iliyosema kwamba huyo alikuwa, *presumably*, mtoto wenu.

Neno hilo Papa Chisenga alikuwa hajatufikisha. Nililifananisha na ndugu yake wa Kifaransa, lile la redioni, mwizi *présumé*, muuaji *présumé*, yaani anayedhaniwa. Katika nchi yetu mtu akiitwa hivyo asubuhi, jioni yuko gerezani na hatoki. Watu wote walikuwa wananitazama mdomo. "Soma, Masengo," alisema Mama Régine. Nikainua kichwa, nikasema: "Mama, kuna kijana moya alikufa ku hopitali ya bamasère. Banamuzika. Karatasi yako ilikuwa mu koti yake. Inaonekana njo yeye."

Sikuwa nimelimaliza neno la mwisho, Josée akakaa sakafuni. Kilio kilipasuka kutoka mlangoni, si kutoka kwa Mama Régine. Yeye alivua viatu vyake kwanza, akaviweka sambamba chini ya dirisha, ndipo akalia. Wanawake waliingia wakitoa viti na kutandika mikeka. Mujomba Kaumba alikuwa ameshaita vijana kutafuta gogo la moto wa wanaume. Mimi nilisimama katikati na barua mkononi, na sikufungua mdomo tena. Ningeweza kusema: ngojeni, sista amesema inaonekana. Lakini nilikuwa nimeshalisema, kwa sauti, na wote walikuwa wamelisikia kama tunavyolisikia sisi siku zote. Na ukweli, ambao umenichukua miaka kuuandika, ni kwamba hata mimi nililisikia vile vile. Nilipoliona neno lile katika wino wa sista nilifikiri tu: huyu mzungu kalelewa vizuri, anajua kumwambia mama.

Siku ya pili wanaume walikosa pa kukaa. Nikatumwa kuazima viti sita vya Papa Chisenga. Nilimkuta mezani na kikombe kilichofunikwa kwa sahani. Alinipa pole, akaniuliza habari ilifikaje, nikamtolea barua kutoka kwenye pindo la kitenge. Aliisoma amesimama, akavaa miwani, akaisoma tena. "Nani alisema Delphin alikufa?" aliuliza. Nikamjibu ni sista. "Sista hakusema." Nikamwonyesha sentensi. Aliiweka barua mezani polepole, akasogeza kikombe chake mbele yangu. Kingo za sahani zilikuwa zinatoa mvuke.

"Mu kikombe muko nini?"

"Chai, Papa."

"Umeiona?"

"Naona moshi."

"Basi neno ya sista njo ile. Muntu mwenye hajaona hata moshi anasema *perhaps*, labda. Muntu mwenye anaona chai anasema chai, haongeze neno. Huyu sista aliona moshi, akapiga hesabu, hakufunua sahani. Na sababu ni muntu wa kweli, akakuandikia kwamba hakufunua."

"Lakini Papa, na kama aliandika vile juu ya heshima? Sawa vile shiye tunasemaka?"

"Shiye tukisema inaonekana, tulishamuzika muntu zamani. Najua. Benyewe bakitaka kusema alikufa, banaandika alikufa, banaweka na saa." Akafunua sahani. Ndani kulikuwa na maji ya moto na jani la mucaicai. "Chai haiko mu ii nyumba tangu Pasaka," alisema. Hakuwa anataka kuchekesha. Alikunywa kidogo, akakirudisha kikombe. "Sasa kila muntu mwenye kukuletea ile neno, umuulize: moshi yako ni gani? Ya sista iko nini?"

"Koti," nikasema.

Yeye alikuwa mtunza ghala na mimi mwuza sabuni; hakuna kati yetu aliyehitaji kuelezwa koti ni nini mwaka 1993. Wanaume wa kwetu walivuka mpaka wamevaa na kurudi wanatetemeka. Saa, viatu, mikanda, vyote viligeuka unga upande wa pili. Mimi mwenyewe nilishamwuzia sabuni mtu aliyevaa shati la marehemu kaka wa mteja wangu mwingine, na wote watatu tulijua. Koti lingeweza kutembea bila mwenyewe, na kikaratasi kikatembea nalo mfukoni. "Kilio banakiondosha lini?" Papa Chisenga aliuliza. Nikasema kesho asubuhi. "Basi uko na mpaka asubuhi," alisema, akanisaidia kubeba viti, kila mmoja vitatu.

Nilipitia kwa Pitshou. Alikuwa anachoma mahindi mbele ya nyumba yao na hakutaka kunitazama, maana tangu habari ifike watu walikuwa wanamtazama yeye vibaya kwa kurudi peke yake. Nilimwuliza habari ya koti. "Aliniambia kama unga inakataa kushuka bei, koti njo itatangulia," alisema. Nikamwuliza kama alimwona akilitoa. "Hapana, Ya Masengo, dada yangu. Nitakudanganya juu ya nini. Siku tuliachana alikuwa amelivaa." Nilikwenda kwake nikitumaini kufunua sahani, nikarudi na moshi mwingine, huu ukitoka upande wa pili.

Hapo ndipo nilipoanza kubishana na nafsi yangu, na mimi si mtu rahisi kubishana naye. Kilio kikiondoshwa, kila kitu kingekaa mahali pake. Nguo za Delphin zingegawanywa kwa kaka zake. Josée angenyolewa, angepakwa unga mweupe usoni, na ukoo ungemwachilia arudi Kapolowe kwa wazazi wake akiwa mtu huru. Mama Régine angelala, labda vibaya, lakini angelala. Nami nilikuwa na nini cha kuwapa badala yake? Koti. Nilifikiri pia juu ya jina langu, sitaficha. Nani tena angenipa barua nimsomee? Lakini kila nilipofikia kunyamaza nilimwona Delphin akiingia mlangoni na gunia begani, akamkuta kaka yake amevaa shati lake, na mimi nauza sabuni kana kwamba sikujua.

Asubuhi ya siku ya tatu nguo zilikuwa zimeshatolewa sandukuni na kupangwa kwenye mkeka: mashati manne, suruali mbili, mkanda. Mujomba Kaumba alikuwa ameshika shati la kwanza. Nyuma ya nyumba mwanamke mmoja alikuwa ananoa wembe, Josée ameketi mbele yake, kichwa wazi. Niliingia nikipiga magoti, nikasogea mpaka miguuni pa Mama Régine, nikamweleza yote: neno, kikombe, koti, Pitshou. Sikupunguza na sikuongeza. Alinisikiliza akitazama mashati.

"Weye ulisema inaonekana," alisema.

"Ndiyo, Mama."

"Minye nikasikia alikufa."

"Ndiyo, Mama. Na minye nilisikia vile."

"Haukusema bongo, haukunidanganya."

"Hapana. Lakini niliona munalia, nikanyamaza."

Mujomba Kaumba alikuwa ameshusha shati. "Weye mutoto," aliniambia, bila kupaza sauti, na hilo lilikuwa baya zaidi, "unajua hapa bantu bamekula unga ngapi? Barabara muzima balileta meka ya mwisho ya unga ya nyumba zao. Sasa tubaambie nini? Barudishiwe?" Mzee mmoja mlangoni akasema kilio hakina chenji, na mwingine akasema hajawahi kusikia maiti anaondolewa kwenye kilio kwa sababu ya koti. Nikajibu kwamba ndivyo alivyoingizwa, kwa koti. Sikupaswa kujibu, nilikuwa nimepiga magoti mbele ya wazee. Lakini ni tabia ya sokoni, jibu hutoka kabla hujaliruhusu.

Mama Régine aliinua mkono. "Kaumba, ndugu yangu," alisema, "ile shati irudishe mu sanduku." Mujomba akamwuliza kama anataka kusema Delphin ni mzima. "Sisemi muzima." Basi amekufa, alisema Mujomba. "Sisemi alikufa. Nasema irudishe." Alingoja mpaka mashati yote manne yaliporudi, na suruali, na mkanda, akaomba ufunguo, akalifunga sanduku yeye mwenyewe, na ufunguo akaufunga kwenye pindo la kitenge chake. Kisha akasema kwa sauti iliyofika nyuma ya nyumba: "Josée, simama pale. Usinyolewe." Wembe ulinyamaza. Watu walitoka mmoja mmoja, wakitoa pole ambayo hawakujua ni ya nini. Nilibaki kukunja mikeka. Mama Régine alipoona tumebaki wawili, aliniambia niandike lile neno la sista kwenye karatasi kubwa, kwa herufi nzuri. Hakujua kusoma Kiingereza, na Kifaransa alisoma kwa kidole. Alilitazama muda mrefu. "Ni refu," alisema. Akaliweka ndani ya Biblia.

Tulimwandikia sista, Papa Chisenga na mimi. Mama Régine alitaka tuulize kitu kimoja tu: kama yule kijana alikuwa na kovu la jembe kwenye mguu wa kushoto. Jibu lilikuja baada ya miezi minne, kwa mwandiko mwingine. Sista wa kwanza alikuwa amehamishwa. Waliomzika hawakutazama miguu. Koti, kwa kuwa lilikuwa bado zima, walimpa mgonjwa mmoja aliyetoka hospitali bila nguo ya baridi. Niliposoma hayo Mama Régine alicheka kidogo, mara ya kwanza tangu kiangazi, akasema: "Linaendelea na safari." Wakati huo Nadine, yule wa tumboni mwa Josée, alikuwa na majuma matatu. Mwaka uliofuata nilivuka mwenyewe kwa biashara na nikapanda mpaka misioni ile. Walinionyesha mstari wa makaburi. La yule kijana lina kibao cha mbao chenye namba bila jina. Nilihesabu kutoka langoni, la kumi na nne, nikarudi langoni nikahesabu tena. Niliporudi Panda nilimwambia, Mama, nimeona kaburi. "Muntu umemuona?" Nikasema hapana. "Basi," alisema, akaniuliza bei ya sabuni.

Kila siku, saa tisa, alitenga sahani na kuifunika. Jioni aliifunua na kumpa Nadine, baadaye wajukuu wengine. Sikumwambia kamwe kwamba sahani yake ilinikumbusha kikombe cha Papa Chisenga. Nilipomweleza asubuhi ile nilimtajia kikombe, ndiyo, lakini sidhani kama alichukua kwangu. Wanawake wa kwetu walikuwa wakifunika sahani za wasiokuwepo kabla Papa Chisenga hajazaliwa.

Sitaki kusema nilifanya vizuri. Kilio kina siku tatu, kisha watu wanafagia. Kile nilichowarudishia hakikuwa na siku ya kufagia. Josée alisubiri miaka sita, kichwa kimefunikwa, si mke wala mjane, halafu akaenda Kapolowe na kuolewa na mkulima, na ukoo wa Delphin haukumsamehe kwa kumwacha mtu ambaye wenyewe nusu yao walikuwa wamekwisha kumlilia. Nilimtembelea mara moja huko. Tulikaa jikoni kwake tukimenya viazi vitamu, akaniambia bila hasira: "Ya Masengo, ulinipatiaka kiti yenye muntu hawezi kukaa, na hawezi kuondoa." Nilimjibu kwamba sikuwa na kiti kingine. "Najua," alisema. "Lakini nilikuwa nimechoka kusimama." Neno la sista lilikuwa la kweli, na kila aliyelipokea kwa ukweli wake alilipia zaidi ya waliokosea kulisikia. Nimelipima mara nyingi na sijapata bei yake.

Kwa hiyo usiku ule wa kilio cha Mama Régine niliacha mstari wa watoto wazi, na asubuhi, kabla ya gari la maiti kufika, nikamwita Nadine. Nilimwuliza bibi yake alikuwa akijibu nini watu wapya wa kanisani walipomwuliza ana watoto wangapi. Hakuhitaji kufikiri. "Alikuwa anasema: saba. Bawili balilala, bane biko hapa." Na yule mwingine? "Hakuna muntu alimuulizaka. Balikuwa banahesabu, kisha bananyamaza." Nikaandika hivyo hivyo. Nadine aliisoma, akaikunja mara nne kama alivyoileta.

Makaburini kulikuwa na upepo wa kiangazi na vumbi jekundu, na Nadine alisoma vizuri, polepole, karatasi ameishika kwa mikono miwili. Alipofika kwa watoto alisoma: "Alizaa watoto saba. Wawili walimtangulia. Wanne wako hapa." Kisha akaendelea na wajukuu. Nyuma yangu watu walikuwa wanahesabu. Mtu aliyezoea soko anasikia watu wakihesabu hata midomo ikiwa imefungwa. Pasta, kijana aliyehamia Panda mwaka jana, aliinama sikioni mwangu. "Mama Masengo," alinong'ona, "ile hesabu haitimie. Inabaki moya."

"Nilihesabu mara mbili, pasta," nikamwambia. "Njo vile iko."